Dawa za bibi katika somo la biolojia: tuanze na mti, tusianze na ugonjwa

MLETA UZI (mwalimu, Uru)

Ndugu wanajukwaa, mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari upande wa Uru, Moshi Vijijini, na hoja ninayoileta hapa imetokana na kosa nililolifanya mwenyewe. Nitaanza na kosa lenyewe.

Muhula uliopita, nilipokuwa najiandaa kufundisha Kidato cha Pili mada ya usafirishaji wa vitu katika mimea, niliwaagiza wanafunzi kwamba kila mmoja atakaporudi Jumatatu aje na mmea mmoja unaotumika kwao kama dawa, pamoja na maelezo mafupi ya matumizi yake. Niliona nimebuni jambo la maana, kwa sababu mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unasisitiza umahiri na kumtaka mwanafunzi aanzie kwenye mazingira yanayomzunguka. Jumatatu asubuhi meza ya maabara haikuonekana. Palikuwa na magome ya msesewe yaliyofungwa kwa kamba za migomba, matawi ya kivumbasi, shubiri zilizong'olewa nzimanzima huku udongo mwekundu ukidondoka sakafuni, na fungu la mizizi mibichi yenye unene wa kidole gumba, iliyokatwa kwa panga. Wanafunzi 43 walileta mafungu 61, maana wenye bidii walileta mawili mawili. Nia yangu ilikuwa kuwafundisha watoto kutunza mazingira, na kumbe nilikuwa nimewatuma wang'oe kwa siku mbili mimea ambayo wakubwa wao waliichuma kwa miaka mingi bila kuimaliza.

Lile fungu la mizizi lilikuwa na mwenyewe. Siku iliyofuata, kabla ya mapumziko ya saa nne, bibi wa mwanafunzi mmoja alifika shuleni akiwa amejifunga kanga mbili na kushika fimbo, akaniulizia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa miti?"

Nikamjibu kwamba ndiye mimi.

"Basi, mwalimu, jioni uje uone shimo lako."

Nilikwenda. Mwishoni mwa kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, jirani na mstari wa masale unaotenganisha shamba lake na la shemeji yake, palikuwa na kichaka cha miiba cha mmea ambao wengi wetu tuliujua mwaka 2011 kwa jina la mugariga, pale maelfu ya watu walipopanga foleni katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Bibi huyu alikuwa nao kabla ya hapo, na anautumia kwa mambo yake ambayo hayahusiani na kikombe. Upande mmoja wa kichaka, mjukuu wake alikuwa amefukua shimo la kina cha goti na kukata kila mzizi aliokutana nao. Upande wa pili palikuwa na jiwe la ukubwa wa chungu, limelala juu ya udongo uliotulia.

Bibi aliligusa lile jiwe kwa fimbo. "Nikichimba mzizi mmoja, nafukia, halafu naweka jiwe hapo. Safari nyingine nachimba mbali na jiwe, na jiwe nalihamishia huko. Mpaka nilizunguke kichaka chote, pale pa kwanza pameshapona. Mtoto hakuuliza jiwe ni la nini. Na wewe hukumwambia aulize."

Hoja yangu yote imo katika jiwe lile. Tunapoingiza elimu ya mitishamba katika somo la sayansi, tumezoea kuanzia kwenye ugonjwa: tunachora jedwali lenye jina la mmea, sehemu inayotumika na ugonjwa unaotibiwa, kisha tunahitimisha kwamba misitu ina faida na kwa hiyo itunzwe. Jedwali hilo humfundisha mtoto kuuona mti kama duka la dawa lisilo na muuzaji. Mtoto akijua kwamba mti fulani unatibu tumbo bila kujua unaishije, tumemwongezea sababu ya kuukata. Napendekeza tugeuze mpangilio: kwanza mti wenyewe, unakua wapi, tunapochukua sehemu fulani mti unapoteza nini, unachukua muda gani kupona, na imebaki mingapi tunayoweza kuifikia kwa miguu. Ugonjwa ukae mwisho, au usikae kabisa.

Nieleze tulivyofanya baada ya aibu ile, kwa sababu jambo hili linaeleweka zaidi likionekana.

Chini ya kijiji, kwenye ukingo wa kijito, pana mkondekonde mkubwa uliochunwa gome. Huu ndio mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Magome yake yamekuwa yakisafirishwa kutoka nchi kadhaa za Afrika kwenda Ulaya tangu miaka ya 1970 ili kutengenezea dawa za uvimbe wa tezi dume, na uvunaji ulivyozidi kiasi, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, uliuingiza katika Kiambatisho cha Pili, uamuzi ulioanza kutumika mwaka 1995. Wanafunzi wangu hawakuwa na habari kwamba mti wanaoupita wakienda kuchota maji una mkataba wake duniani.

Tulikwenda na futi kamba ya fundi cherehani. Mzunguko wa shina katika kimo cha kifua ulikuwa sentimita 126, na katika mzunguko huo kidonda kilichukua sentimita 94, yaani karibu robo tatu. Wanafunzi waligawanya 126 kwa 3.14 wakapata kipenyo cha takribani sentimita 40. Msichana mmoja aliingiza vidole kwenye ukingo wa kidonda akagundua kwamba pale lilipobaki gome, ukingo ulikuwa umevimba na kuanza kujikunja kuelekea ndani, kama mdomo wa chapati iliyopata moto. Nikawauliza: mbona mti haujanyauka? Majani ya juu yalikuwa mabichi na yanang'aa. Darasa zima likakubaliana kwamba mti umepona.

Hapo ndipo floemu ilipopata maana. Zilemu, inayopandisha maji, imo ndani ya mti wenyewe, na mchunaji haigusi. Kwa hiyo maji yanaendelea kupanda na majani yanaendelea kuwa mabichi kwa muda mrefu. Floemu imo katika gome, nayo ndiyo inayoshusha chakula kilichotengenezwa na majani kwenda kwenye mizizi. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mizizi inakula akiba yake mpaka iishe, halafu inakufa, na majani yanafuata baadaye sana, wakati mchunaji ameshasahau alichofanya. Nilipomsimulia bibi, alisema wao siku zote walijua kwamba mti uliochunwa "hufa kuanzia chini". Nimefundisha mada hii kwa miaka, na sijawahi kuieleza kwa maneno machache namna hiyo.

Uvunaji unaoshauriwa kwa mti huu ni kuchukua gome katika pande mbili za shina zinazotazamana, kuacha pande nyingine mbili, na kutokwangua hadi kuijeruhi kambiamu, yaani tabaka jembamba la seli zinazogawanyika chini ya gome, kwa sababu kambiamu ndiyo inayolirudisha gome. Ukiweka kanuni hiyo kando ya jiwe la bibi, utaona ni wazo lile lile la kuchukua upande na kuacha upande. Hili niliwaachia wanafunzi waligundue wenyewe, na iliwachukua dakika tano hivi za ubishi.

Mti mwingine uliotufaa ni msesewe. Kwa wasio wa huku, huo ndio mti ambao gome lake hutiwa katika mbege ili kuipa ule uchungu wake, na hakuna mtoto wa Uru asiyeijua harufu ya chungu cha ndizi na kimea cha ulezi kikiwa jikoni. Jina lake la kitaalamu ni Rauvolfia caffra. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetoa resapini, kemikali iliyotengwa mwaka 1952 na kutumika kutibu shinikizo la damu. Uchungu wa msesewe unatokana na alkaloidi, na mti haukuziweka alkaloidi hizo kwa ajili ya mbege wala kwa ajili yetu. Mimea mingi hutengeneza kemikali za namna hiyo ili isiliwe na wadudu na wanyama. Mtoto akielewa kwamba dawa ni silaha ya mmea tuliyoiazima, anaacha kudhani kwamba kila kilicho cha asili hakina madhara.

Msesewe hupenda kingo za mito na mahali penye unyevu. Wanafunzi walipouliza nyumbani yale magome yalitoka wapi, karibu wote walitajiwa kijito au mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Baadhi ya mifongo hiyo haina maji tena kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo mjadala ulioanzia kwenye pombe ya ndizi uliishia kwenye chemchemi, na sikuhitaji kutaja neno "mazingira" hata mara moja.

Nakaribisha maoni, hasa ya walimu wenzangu na ya wazee.

MCHANGIAJI (mwalimu wa kemia, Arusha mjini)

Mwalimu mwenzangu, nimeusoma uzi wako wote na nimeufurahia, lakini nina mashaka matatu ambayo sitayaficha. Kwanza, Baraza la Mitihani halitaniuliza jiwe la bibi yako. Litaniuliza tofauti ya zilemu na floemu, na nina vipindi vya dakika arobaini na darasa lenye wanafunzi wengi kuliko viti. Pili, mwaka 2011 umeutaja kwa upole mno. Mimi ninawakumbuka watu waliokatiza dawa za hospitali baada ya kunywa kikombe, na baadhi yao hatunao leo. Mwalimu wa sayansi anapoweka mzizi mezani na kuuita elimu, mtoto anasikia kwamba shule imeuidhinisha. Tatu, sayansi ni kupima. Bibi anasema mmea unatibu, amepima nini?

MLETA UZI

Ndugu yangu, shaka yako ya pili ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo naianza hiyo. Nakubaliana nawe kwamba darasa si mahali pa kuidhinisha tiba. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga, na tangu 1974 Muhimbili kuna kitengo cha utafiti wa dawa za asili ambacho leo ni taasisi kamili. Kazi ya kusema mmea huu unatibu au hautibu ina wenyewe. Ndiyo maana nimesema ugonjwa ukae mwisho au usikae kabisa. Hata hivyo, kunyamaza kabisa nako kuna hasara yake. Wanafunzi wangu wanatibiwa kwa mimea hii kila wiki, nikinyamaza au nisiponyamaza. Tofauti ni kama watakuwa na maswali ya kuuliza au hawatakuwa nayo.

Kuhusu kupima, nakupa mfano mmoja tu. Tu Youyou wa China alipokuwa akitafuta dawa ya malaria kutoka mmea wa Artemisia annua, sampuli zilizopatikana kwa kuchemsha zilikuwa zikitoa matokeo yasiyotabirika. Alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona pale imeandikwa kwamba mmea ulowekwe katika maji na kukamuliwa, wala moto hautajwi. Akabadilisha njia, akatumia etha katika joto la chini, na artemisinini ikapatikana. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Hakuamini maandishi yale kwa sababu ni ya kale, na hakuyadharau kwa sababu hiyo hiyo. Aliyasoma kama mtu anayesoma maelezo ya jaribio. Ndivyo ninavyowataka wanafunzi wamsikilize bibi: amesema kuloweka au kuchemsha, kwa muda gani, sehemu gani ya mmea, imechumwa msimu gani. Majibu hayo ni data, hata kabla hatujajua kama dawa inafanya kazi.

Kuhusu muda sina utetezi mzuri. Kazi ya mkondekonde ilikula vipindi vitatu, na mada iliyofuata ilichelewa kwa wiki nzima. Ninachoweza kusema ni kwamba katika jaribio la mwisho wa mwezi, swali la floemu lilijibiwa hata na wale wa viti vya nyuma, na mmoja wao alichora kidonda cha mti badala ya mchoro wa kitabuni. Nilimpa alama zote.

MCHANGIAJI (mwalimu wa kemia, Arusha mjini)

Sawa, nimekuelewa, ingawa kwenye suala la muda hujanishawishi. Kama ni lazima, basi mimi ningeanza na kitu kinachopimika ndani ya kipindi kimoja: mbegu za mlonge. Mbegu chache zikimenywa, zikatwangwa na kukorogwa katika maji ya mfereji yaliyochafuka kwa tope, yakatulizwa, tope linashuka chini na maji ya juu yanaonekana maangavu. Protini ya mbegu ina chaji chanya, na chembe za udongo zina chaji hasi. Zinashikana, zinakuwa nzito, zinazama. Unaweka glasi nyingine isiyo na mlonge pembeni, unahesabu dakika, na hapo hata Baraza la Mitihani litafurahi kwa sababu una jaribio na kidhibiti chake. Ila uwaambie kwamba maji hayo yakionekana safi bado yana vijidudu na lazima yachemshwe.

MCHANGIAJI (mzazi, Majengo)

Mwalimu, samahani, mimi si mtaalamu. Watoto walionja hivyo vitu?

MLETA UZI

Mama, swali lako ni la msingi na lilipaswa kuwa katika andiko langu la kwanza. Hawakuonja. Kanuni ya maabara yetu ni kwamba hakuna kinachoingia mdomoni, hata mchaichai ambao kila mtu anautia kwenye chai, kwa sababu kanuni yenye vighairi watoto huikumbuka kwa vighairi vyake. Majani ya mkondekonde ukiyafikicha yanatoa harufu inayofanana na ya lozi, ile tunayoisikia kwenye keki, na wanafunzi waliipenda sana. Niliwaeleza kwamba harufu hiyo inaambatana na kemikali zinazoweza kutoa sianidi. Katika yale mafungu 61 kulikuwamo pia mbegu za nyonyo, nzuri kama shanga, ambazo nilizichukua palepale na kuziharibu, kwa kuwa zina risini, sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Kijana aliyezileta alikuwa anajua mafuta yake tu.

MCHANGIAJI (fundi sanifu mstaafu, Ngaramtoni)

Mleta uzi, pokea pongezi na lawama kwa pamoja. Lawama ni hii: umeandika "kivumbasi" kana kwamba ni mmea mmoja. Jina hilo watu wanalitumia kwa zaidi ya spishi moja ya jenasi Ocimum, na spishi hizo hazina mafuta yanayofanana. Mwanafunzi wa Uru na mwanafunzi wa Usa River wanaweza kuandika jina lile lile kwenye daftari huku wameshika mimea tofauti. Majina ya kienyeji ni hazina, lakini bila sampuli hayathibitishiki.

Dawa yake ni rahisi. Mmea hauhitaji kung'olewa. Kitawi kimoja chenye maua au matunda kinatosha. Kilaze ndani ya gazeti, jani moja likiwa limegeuzwa ili upande wa chini uonekane, weka kati ya mbao mbili, juu yake panga matofali, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka kitawi kikauke. Kisha kigundishe kwenye karatasi ngumu na uandike mahali, tarehe, kimo kutoka usawa wa bahari, jina la kienyeji na lugha ya jina hilo, na jina la aliyekusanya. Hebaria ya Taifa, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iko huku kwetu Ngaramtoni, katika taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyokuwa ikijulikana kama TPRI na ambayo sasa ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Sisi tulijifunza kwamba sampuli isiyo na lebo ni majani makavu tu. Darasa lako likiwa na sampuli ishirini zenye lebo sahihi, mwaka kesho hakuna mwanafunzi atakayehitaji kuchuma tena kwa ajili ya somo hilo.

MLETA UZI

Mzee wangu, lawama nimeipokea kwa mikono miwili. Sentensi yako ya mwisho ndiyo niliyoikosa Ijumaa ile nilipowapa watoto kazi ya nyumbani: kitawi kimoja kwa shule nzima, kwa miaka kumi. Nimeomba mbao kwa fundi seremala wa jirani na magazeti ya zamani kwa katibu wa parokia. Lugha ya jina sikuwa nimeifikiria kabisa, na kwetu ina uzito, kwa sababu mtoto huyu anaujua mti kwa Kichaga, shule ya msingi ameusoma kwa Kiswahili, na sasa anaulizwa kwa Kiingereza. Lebo yenye majina yote pamoja na la Kilatini itakuwa karatasi pekee shuleni inayozikutanisha lugha zake zote.

MCHANGIAJI (mfugaji, Monduli)

Mwalimu, salamu kutoka Monduli. Sisi hutia olkiloriti kwenye supu ya nyama, na mtoto wetu anajua gome hilo kabla hajajua kusoma. Swali langu si la shule. Ukishawaandikisha watoto haya yote kwenye madaftari, daftari linakwenda wapi? Wamekuja watu kwetu na kalamu, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Mzee aliyewaeleza hajapata hata barua. Na wewe bibi yako umemweka hapa jukwaani na kichaka chake.

MLETA UZI

Mzee, umenigusa mahali pabovu, na nilipousoma ujumbe wako nilirudi kuangalia nilichoandika. Jina la bibi sikulitaja, wala kijiji chake, wala matumizi anayoyafanya. Mwenyewe aliniruhusu nieleze habari za jiwe, akasema jiwe si siri, ila mengine niyaache. Dunia imejaribu kuliwekea utaratibu jambo unalolisema kwa Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka jamii yenye maarifa iombwe ridhaa na kupata sehemu ya manufaa, lakini itifaki haifiki kwenye boma kabla ya mtu mwenye kalamu. Kwetu tumeamua hivi: madaftari ya kazi hiyo hayatoki shuleni, hayapigwi picha, na mwanafunzi haandiki namna ya kutengeneza dawa bila mzee kuridhia. Tunaandika mti uko wapi, una hali gani, na umevunwaje, basi. Nimegundua pia kwamba wazee wanaongea kwa uhuru zaidi ukiwauliza juu ya mti kuliko ukiwauliza juu ya dawa.

Niongeze jambo ambalo bibi alinieleza na ambalo linahusiana. Zamani, anasema, walipanda msituni kuchukua walichohitaji; tangu Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipopanuliwa mwaka 2005 na kuujumuisha msitu, wanategemea zaidi vihamba na kingo za vijito. Sijaingia katika ubishi wa nani alikuwa na haki. Ila kwa mwalimu ina maana kwamba mimea ya dawa iliyobaki jirani na watu ni michache na inajulikana mmoja mmoja, na vihamba vyenyewe, ambavyo Shimbwe Juu vilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo, vinakatwa viwanja kila ndugu wanapogawana. Darasa langu limehesabu mikondekonde yote tunayoweza kuifikia kwa miguu kutoka shuleni ndani ya saa moja. Ipo saba. Mitano ina makovu.

MLETA UZI (mrejesho, wiki sita baadaye)

Nilishauriwa nirudi na mrejesho, nami narudi kwa ufupi.

Sampuli kumi na nne ziko tayari kwenye karatasi ngumu, kumi na moja zikiwa na maua. Tatu lebo zake zilikataliwa na wanafunzi wenyewe kwa sababu aliyekusanya hakuandika mahali. Jaribio la mlonge tulilifanya kwa maji ya mfongo. Mwalimu wa kemia alikuwa sahihi, kipindi kimoja kilitosha.

Kichaka cha bibi kimetoa machipukizi manne upande ule uliochimbwa. Mjukuu wake ndiye aliyefukia shimo, na bibi amemkabidhi jiwe. Sasa ndiye anayepaswa kukumbuka lilipo.

Kwa mkondekonde ule mkubwa hatuna la kufanya zaidi ya kuupima kila mwisho wa mwezi. Ukingo wa gome umesogea milimita chache, na tunaandika. Mbegu zake tulizokusanya chini ya mti mwingine tulizikausha juani kama mahindi, tukazihifadhi kwa wiki mbili, hakuna hata moja iliyoota. Mzee wa Ngaramtoni amenieleza kwamba mbegu hizo hupoteza uhai upesi na hazivumilii kukaushwa namna ile. Zinatakiwa kuondolewa nyama ya tunda na kusiwa zikiwa bado mbichi. Kwa hiyo tunangoja matunda mengine. Atakayeona mkondekonde wenye matunda yaliyoiva, iwe Kibosho, Marangu au upande wa Meru, naomba aandike hapa siku hiyo hiyo. Tutakuja na mfuko wa karatasi, tutaokota ya chini tu.